Habari za Mbigili na Ndugu Zake Wenye Mabawa

Katika kata ya Buger, huko Karatu, kama katika nchi nyingine nyingi za bara, watu wengi hujulishwa mbigili kwa nyayo za miguu kabla hawajaujua kwa macho. Mtoto atumwaye kufuata ndama shambani baada ya mavuno hurudi akichechemea, hukaa kizingitini, na mama yake hutafuta pini. Mwiba ukishatoka hutupwa nje ya mlango, wala hapana aulizaye umetoka katika mmea gani.

Leo twapenda kuuliza swali hilo, kwa maana si swali la bure. Neno mbigili, ambalo wengine hulitamka mbigiri, si jina la mmea mmoja. Ni jina la mimea miwili isiyo na undugu hata kidogo, ambayo watu wameiweka chini ya jina moja kwa sababu yote miwili huchoma. Mmoja ni mboga ya watu na chakula cha mifugo. Wa pili, kondoo wakiula kwa wingi katika majira mabaya, waweza kuwapofusha, kuwachuna ngozi na hata kuwaua. Basi mfugaji aambiwaye na jirani yake kwamba mbigili hauna neno, na mwingine aambiwaye kwamba mbigili ni sumu, wote wawili wameambiwa kweli, na wote wawili waweza kupata hasara.

Mimea hii yote miwili ni ya msimu mmoja. Huota mvua zinaponyesha, huchanua upesi, huzaa, kisha hukauka na kufa, ikaacha mbegu zake ardhini kungoja mvua nyingine. Kwa ajili hiyo mkulima huiona mipya kila mwaka, naye hudhani imeletwa na upepo usiku. Haikuletwa na upepo. Ilikuwamo shambani siku zote, chini ya nyayo zake.

Tuanze na ule tutakaouita mbigili mchachu, ambao ndio hasa uonekanao katika mashamba ya mahindi na maharage ya nyanda za juu, katika viwanja vya shule na kando ya njia. Wataalamu wa mimea huuita Oxygonum sinuatum. Ni mmea mdogo, mara nyingi haufiki magotini, wenye matawi yanayolala kidogo kisha kuinuka; shina lake mara nyingi lina wekundu. Majani yake hutoka moja moja, moja upande huu na jingine juu yake upande wa pili, wala hayatoki mawili mawili kwa kukabiliana. Ukingo wa jani umekatika katika mawimbi makubwa, kama ufuo wenye ghuba na rasi. Neno la pili katika jina lake la kitaalamu lamaanisha mawimbi hayo hayo.

Lakini alama iliyo bora kuliko zote haimo katika jani. Imo mahali jani linapoungana na shina. Tazama hapo kwa makini, na kama macho yako ni ya uzee kama yetu, tumia kioo cha kukuzia. Utaona ala nyembamba kama karatasi, imelizunguka shina kama ala izungukavyo kisu, na katika ukingo wake wa juu mna nywele ngumu zilizosimama. Ala hiyo ni muhuri wa ukoo mzima uitwao Polygonaceae. Mtu aliyekwisha kuijua haitamponyoka tena. Ataikuta katika mimea mingi ya mabondeni na kando ya mito, naye ataweza kusema kwamba hii ni ya ukoo mmoja na mbigili mchachu, hata kama hajui jina la mmoja wao.

Maua yake ni madogo, meupe au yenye wekundu hafifu, yamepangwa mbali mbali katika ufito mrefu mwembamba unaosimama juu ya majani. Hayafunguki yote pamoja. Leo hufunguka mawili matatu, kesho mengine. Ni maua mazuri sana kwa mtu mwenye saburi ya kuinama. Ua likishakwisha, bomba lake la chini haliangukii mbali kama yafanyavyo maua mengi, bali huizingira mbegu, hukaza, huwa gumu kama mti, na katikati ya urefu wake huchipua miiba mitatu inayotazama pande tatu. Tunda zima halizidi sana milimita tano au sita, limechongoka huku na huku kama pia mbili zilizounganishwa. Likianguka chini hukaa juu ya miiba miwili kama mtu aliyepiga magoti, na mwiba wa tatu huelekea mbinguni. Hulala namna yo yote ile, lakini daima mmoja hungoja mguu.

Sasa tuutazame mbigili wa pili, tutakaouita mbigili mtambaazi. Jina lake la kitaalamu ni Tribulus terrestris, nalo lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1753. Huu hausimami. Hutoa matawi mengi kutoka katika mzizi mmoja, nayo hutambaa juu ya ardhi pande zote kama vijiti vya gurudumu, mara nyingine kufikia mita moja au zaidi. Majani yake hutoka mawili mawili kwa kukabiliana, na jambo la ajabu ni kwamba katika kila jozi jani moja ni kubwa na la pili ni dogo. Kila jani limegawanyika katika vijani vidogo vilivyopangwa jozi jozi, mfano wa jani la mkwaju. Wala hakuna ala shinani. Ua lake ni la manjano, lina petali tano, hufunguka asubuhi na kwa kawaida haliishi zaidi ya siku moja.

Tunda la mbigili mtambaazi ni gumu, lina vipande vitano vilivyokaa duara, na likikauka hupasuka, vipande vikatengana. Kila kipande kina miiba miwili mirefu na kwa kawaida miwili mifupi. Kikiwekwa mkononi kwa namna inayofaa huonekana kama kichwa kidogo cha mbuzi mwenye pembe, na watoto wa shule wakishaonyeshwa mfano huo mara moja hawasahau.

Twakiri kwamba sisi wenyewe tulikwisha kuaibika katika jambo hili. Tuliletewa mwiba mmoja mkavu uliotolewa katika mpira wa baiskeli, tukasema bila kusita kwamba ni mbigili mchachu, kwa kuwa ndio tuliouzoea. Mwenye baiskeli, ambaye hakusoma vitabu vingi, alituuliza: Huo mchachu una miiba mingapi? Tukajibu mitatu. Akatuhesabia: mmoja, miwili, mitatu, minne. Tangu siku hiyo twahesabu kwanza ndipo tuseme.

Hesabu hiyo yatosha wakati mmea umekwisha kufa na yamesalia matunda tu. Miiba mitatu katika tunda zima lililochongoka ncha mbili ni mbigili mchachu. Vipande vyenye pembe mbili kubwa, vitano katika kila tunda, ni mbigili mtambaazi. Mmea ukiwa mbichi, rangi ya ua yatosha kukuongoza: mweupe au mwekundu hafifu ni mchachu, wa manjano ni mtambaazi. Na usipokuwa na ua wala tunda, tafuta ala.

Pengine mwalimu mmoja atauliza: Mbona kichwa cha habari chataja mabawa? Hapa ndipo habari yenyewe inapokuwa tamu. Mbigili mchachu una ndugu wengi. Jamii yake, ile ambayo wataalamu huiita jenasi, ni Oxygonum, na ndani yake mna aina zipatazo thelathini, zote za Afrika na visiwa vilivyo karibu nayo kama Madagaska. Jina hilo limetungwa kwa maneno ya Kiyunani, neno lake la kwanza likiwa na maana ya ukali wa ncha. Mwingereza mmoja aitwaye William John Burchell, aliyesafiri Afrika ya Kusini kwa gari la maksai tangu mwaka 1811 hata 1815, ndiye aliyeipa jamii hiyo jina, na aina aliyoitia alama huko ni Oxygonum alatum. Neno alatum lamaanisha mwenye mabawa. Tunda la mmea huo halina miiba mitatu kama la huku kwetu. Lina mabawa matatu membamba, yameshuka kwa urefu wa tunda kama mapezi ya samaki. Na kuna aina nyingine katika jamii hiyo hiyo zenye mabawa kama hayo.

Jambo la kufahamu ni kwamba bawa na mwiba ni kazi ya fundi mmoja. Vyote viwili huchipua kutoka katika lile bomba la ua lililoizingira mbegu na kuwa gumu. Katika mchanga wa nchi kavu za kusini, ambako upepo husukuma kila kitu, tunda lenye bawa husafiri kwa kuviringishwa. Huku kwetu, katika njia za ng'ombe na mashamba yanayopitiwa na watu, tunda lenye mwiba husafiri kwa kudandia kwato, ndala na gurudumu. Kila mmoja ana chombo chake cha safari.

Na ajabu haikomei hapo. Mbigili mtambaazi nao, ingawa ni wa ukoo mwingine kabisa, una ndugu mwenye mabawa. Katika majangwa ya Uarabuni na Misri huota Tribulus macropterus, ambao jina lake lamaanisha mwenye mabawa makubwa, nao ua lake ni la manjano vile vile. Basi jamii mbili zisizojuana zimefuata njia moja: baadhi ya watoto wakapewa miiba, na wengine wakapewa mabawa. Kwa sababu hiyo wataalamu hawapendi kuutaja mmea kwa tunda peke yake. Hutaka ua, jani na tunda, vyote vitatu, kwa maana tunda ni vazi la safari, na vazi la safari hufanana kwa watu wa makabila mbalimbali.

Mtu wa nyanda za juu atakaye kuona bawa la namna hii asiende Uarabuni. Katika milima ya kaskazini ya Tanzania na katika Kenya, kando ya barabara na vichakani, huonekana mmea mrefu unaoegemea mingine, wenye vishada vikubwa vya rangi nyekundu ya kupendeza. Ni Rumex usambarensis, uliopewa jina kutokana na milima ya Usambara. Wapitaji hudhani wekundu ule ni maua. Si maua, ni matunda, na kila tunda limefunikwa na mabawa membamba. Huo ni wa ukoo mmoja na mbigili mchachu, nao majani yake yana ugwadu vile vile, lakini si mmea wa msimu mmoja. Huishi miaka mingi. Mwalimu aweza kuwapeleka watoto wakautafute, kisha wautafute ukosi wa ala katika kila kifundo cha shina. Ala imo, ingawa katika matawi ya kale huwa imechakaa.

Tumesema ugwadu, na tulizungumze jambo hilo, maana ndilo lililoupatia mbigili mchachu heshima kidogo. Majani yake machanga yana uchachu, na katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki watoto wachungao huyatafuna, na wanawake huyachanganya na mboga nyingine. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na sungura huula. Mkulima aupaliliapo aweza kuwapa mifugo yake, bora uwe haujazaa miiba. Lakini twaonya kwamba ulimi usifanywe kipimo cha kutambua mimea. Mtu asionje mmea asioujua ili apate kujua kama ni mchachu; mimea yenye sumu haikosi ladha. Kwanza atambue kwa macho, ndipo aonje akitaka.

Mbigili mtambaazi una habari nyingine. Huko Afrika ya Kusini, hasa katika nchi kavu ya Karoo, wafugaji wa Kikaburu waliona tangu zamani ugonjwa walioutia jina la geeldikkop, maana yake kichwa kinene cha manjano. Kondoo huvimba masikio, kope na midomo. Macho na ufizi huwa vya manjano. Kisha ngozi ya mahali pasipo na sufu hupasuka na kuwa vidonda. Kondoo huyo hukimbilia kivulini na hakubali kutoka. Bwana Arnold Theiler, mganga mkubwa wa wanyama katika nchi hiyo, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1918, naye aliutaja mbigili mtambaazi kuwa ndio asili yake.

Watu walishangaa, na kwa haki, maana mmea huo huo huliwa miaka mingi bila madhara. Wengine walidhani ni kosa. Baadaye ilitambulikana namna madhara yanavyofanyika, nayo yafaa kuelezwa taratibu. Rangi ya kijani iliyomo katika majani yote, ikishameng'enywa tumboni mwa mnyama, hutoa kitu fulani ambacho kwa kawaida hutolewa mwilini kwa njia ya nyongo. Katika mbigili mtambaazi mna vitu viitwavyo saponini, jamaa ya vile vifanyavyo povu katika sabuni. Hivyo vikiingia katika ini huweza kuganda kama chembe za chumvi ndani ya mifereji myembamba ya nyongo. Mifereji ikiziba, kitu kile hakina pa kutokea. Huingia katika damu na kufika katika ngozi. Na kitu hicho kikipigwa na jua huunguza. Kwa hiyo kondoo haunguzwi na mmea wenyewe. Huunguzwa na jua la Mungu ambalo jana halikumdhuru. Imeonekana pia kwamba kuvu iotayo juu ya majani yanayooza huongeza madhara hayo.

Hatari hutokea hasa mvua zikisha kunyesha, mmea ukastawi, kisha jua kali likaja ghafula na mmea ukanyauka. Wakati huo majani mengine yamekwisha, na mtambaazi ndio uliobaki kijani au nusu kijani. Mtu wa Buger aliye juu katika baridi huenda asiuone kwa wingi, maana mmea huo hupenda joto na udongo wa kichanga. Lakini wako wapelekao mifugo chini penye joto malisho yakipungua, kuelekea upande wa Ziwa Eyasi au penginepo, na mkulima wa huko juu hupeleka pamoja nao ile desturi yake ya kudhani kwamba mbigili ni mmoja tu. Akiona kondoo wamevimba vichwa na wanakimbia jua, awatoe mara moja katika malisho hayo, awatie katika kivuli kizito chenye maji, na amwite Bwana Mifugo. Asiwachinje wote kwa hofu. Wengi wakitolewa mapema hupona, ingawa hukonda.

Kuna hatari nyingine ya mtambaazi ambayo hata kondoo hawaijui, nayo ni ya fedha. Siku hizi mmea huo umekuwa bidhaa. Katika Uhindi hutumiwa tangu zamani katika dawa za kienyeji, na katika miji mikubwa ya dunia huuzwa katika vidonge kwa wanaume watakao nguvu. Huko Bulgaria wataalamu waliwapa vijana wa kiume dawa hiyo na kuwapima damu, wakatangaza mwaka 2005 kwamba hawakuona kwamba imeongeza ile homoni ya kiume. Hata hivyo biashara haikupungua, maana matumaini huuzika kuliko ukweli. Twasema haya kwa sababu mtu aweza kufika kijijini akitaka kununua magunia ya mbigili. Mwanakijiji akimkusanyia mchachu badala ya mtambaazi, jasho lake litakwenda bure; na mwingine akinunua unga mjini aweza kupewa cho chote kilichosagwa.

Turudi shambani. Kwa mkulima tofauti ya mbegu za mimea hii ni jambo kubwa. Tunda la mbigili mchachu lina mbegu moja tu. Kipande kimoja cha tunda la mtambaazi kina mbegu kadhaa, mara nyingine hata nne, zimefungiwa kila moja katika chumba chake. Na aghalabu ile kubwa huota kwanza, nyingine zikalala zikingoja msimu mwingine au miaka mingine. Kwa hiyo mtu aliyepalilia shamba lake vema mwaka huu akaona mtambaazi tena mwaka ujao asimlaumu jirani. Ni wale wale ndugu waliochelewa kuamka.

Dawa iliyo kubwa ni jembe kabla ya tunda. Palizi ya kwanza ifanywe mmea ungali mchanga, na asiyeweza kupalilia mapema afahamu kwamba kila juma analochelewa baada ya ua la kwanza ni kazi anayojiwekea. Mimea iliyokwisha kuzaa isiachwe kati ya mistari wala isitupwe njiani, kama tuonavyo watu wengi wakifanya. Ikusanywe ikauke, ichomwe moto mahali palipo salama. Maharage na ngano zipepetwe na kuchekechwa kabla ya kutunzwa kwa mbegu, kwa maana tunda la mbigili mchachu huingia katika nafaka na kupandwa tena kwa mkono wa mwenye shamba. Magunia yakung'utwe. Trekta na mashine ya kuvunia vinavyotoka shamba moja kwenda jingine vifagiliwe. Jambo hilo huonekana dogo, nasi tumewaona waendeshaji wakicheka walipoambiwa, lakini magurudumu huchukua miiba kuliko miguu ya watoto wote wa kijiji.

Huko Marekani, ambako mtambaazi ulifika kama mgeni na kuharibu malisho na mipira ya magari, walijaribu njia nyingine. Mwaka 1961 waliagiza kutoka Italia wadudu wawili wadogo wa namna ya fukusi, mmoja hula mbegu ndani ya tunda na mwingine hutoboa shina. Katika nchi zenye joto wadudu hao walifanya kazi nzuri, na katika visiwa vya Hawaii sifa zao ni kubwa. Kwetu njia hiyo haifai kuigwa kwa haraka, kwa sababu hapa mmea si mgeni.

Jambo moja zaidi ili watu wasichanganye. Mbaruti wenye ua la manjano na majani ya miiba si mbigili. Huo umetoka bara la Amerika, utomvu wake ni wa manjano, na mbegu zake nyeusi ni sumu ya kweli. Mjini Delhi mwaka 1998 watu zaidi ya 60 walikufa kwa kula mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizo. Na ule ushikao nguo, kishona nguo, nao si mbigili, ingawa mtoto akirudi na sare iliyojaa vijiti vyake hupigwa kelele zile zile.

Mwisho twageukia walimu. Katika Arusha iko hifadhi ya taifa ya mimea makavu, mahali ambapo mimea ya nchi hii hutunzwa katika karatasi kwa majina yake. Na kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, kilitungwa kwa kutazama vipande vya namna hiyo, vingi vikiwa vimekusanywa na watu wa kawaida. Shule yaweza kufanya hifadhi yake ndogo. Ng'oa mmea mzima pamoja na mzizi, ukiwa na ua na tunda. Bila tunda kazi ni nusu. Utandaze katikati ya kurasa za gazeti, uweke ubao na jiwe juu yake, na kila siku ubadilishe karatasi hata ukauke. Andika mahali, tarehe, namna ya udongo, kama umesimama au unatambaa, na rangi ya ua, kwa maana rangi hupotea. Andika na jina ambalo wazee huuita kwa Kiiraqw au lugha nyingine ya nyumbani. Waulize wazee watatu kila mmoja peke yake, na kama hawakubaliani yaandike majina yote matatu. Matunda yatiwe katika bahasha ndogo, yasije yakaichana karatasi.

Watoto wapendao kuona kwa macho yao na wachukue makopo mawili yaliyotobolewa chini, wayajaze udongo. Katika la kwanza watie tunda moja la mchachu, katika la pili kipande kimoja cha mtambaazi, wayaandike majina na kuyatia maji mvua zianzapo. Katika kopo la kwanza, tunda likiota, kutatoka mche mmoja, nalo basi. Kopo la pili lisimwagwe mche wake ukisha kutoka na kung'olewa. Liwekwe kando ya ukuta wa darasa, likauke kiangazi chote, kisha lipewe maji tena mvua za pili zikija, na tena mwaka wa pili, na kila mche utakaotoka uandikwe ubaoni pamoja na tarehe yake.